Ukurasa wa Arobaini na Moja

Saa nane mchana, saa mbili kamili kabla masijala haijafungwa, niligundua kwamba jalada la mwanamke ninayempenda lina pengo.

Nilikuwa nimeshashona nakala zote sita. Zimelala mezani, uzi umekaza, migongo inangoja gundi. Nina tabia moja ambayo marehemu mke wangu aliicheka mpaka mwisho: kazi ikiisha naipitia tena, kama mtu aliyeangusha sindano kwenye godoro. Nikawa nafunua kwa kidole gumba, namba zikinipita. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na mbili.

Nikarudi nyuma. Arobaini. Arobaini na mbili.

Nikavuta nakala ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Zote vilevile. Ukurasa wa arobaini na moja hakuna.

Labda nieleze, maana asiyefanya kazi chuoni ataniona nalilia karatasi. Pale kwetu mwalimu akitaka kuthibitishwa kazini na kupanda cheo hupeleka maisha yake yote katika nakala sita: vyeti, makala alizochapisha, barua za wanafunzi, na maelezo yake mwenyewe. Jalada lishonwe kwa uzi, si pini wala waya, ili mtu asichomoe ukurasa wala asichomeke. Na kila ukurasa ugongwe namba kwa muhuri, mfululizo. Namba moja ikiruka, karani wa masijala haulizi kitu, anakurudishia jalada lako. Waliotunga sheria hiyo hawajawahi kushika sindano. Wakubwa ndivyo walivyo. Wao wanatunga, sisi vidole vinatoka damu.

Na Mwalimu wangu hakuwa na siku nyingine. Alishakataliwa mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho: akikosa, mkataba wake unakufa muhula ukiisha, na kaka yake mhandisi ameshamtafutia kazi kwa rafiki yake, mji wa mbali, safari ya siku nzima. Kaka mtu alisema hivyo kama anayetangaza zawadi. Mimi niliposikia nilijikata kidole.

Nikapiga magoti. Nikatafuta chini ya meza, nyuma ya mashine ya kukatia, ndani ya pipa la vipande. Chumba changu kiko chini ya ngazi za maktaba, dari limeinama, ukisahau linakukumbusha kwa kichwa. Nilikuwa nusu ya mwili ndani ya pipa niliposikia viatu vyake mlangoni. Viatu vyake navijua. Kimoja kina kisigino kilicholika, kinagonga taratibu kuliko mwenzake.

"Fundi, unasali au unawinda panya?"

"Mwalimu, usiingie."

"Nimeshaingia."

"Basi kaa. Nikishakwambia, kaa tena."

Akacheka. Kicheko chake hakina sauti kubwa, kinaanzia machoni, halafu mdomo unafuata shingo upande, kama umelazimishwa. Miezi minne nilikuwa nakiishi kicheko kile. Siku ya kwanza alileta maelezo yake, kurasa kumi za maneno marefu, akaniuliza nitayashona lini. Mimi shule iliniacha darasa la tano, lakini kila ninachoshona nakisoma. Nikamwambia, "Mwalimu, nitayashona leo, ila sijaelewa hata kidogo." Nilidhani atanifokea. Akavuta kigoda, akaniuliza, "Wapi hujaelewa?" Tangu siku hiyo akawa anakuja Jumanne na Alhamisi kunisomea. Nikisema sijaelewa, anafuta. Nikinyamaza, anaacha. Watu wa ghorofani wakaanza kusema Mwalimu ana mshauri mpya, Profesa Gundi. Gundi ndilo jina langu pale, sina la kufanya.

"Nimekuharibia," nikasema, bado niko chini. "Nimepoteza ukurasa. Nakala zote sita. Sijui mikono yangu ilikuwa wapi, sijui akili yangu ilikuwa wapi. Miaka ishirini na mbili sijapoteza hata kipande, nikaja kupoteza wako. Nitakwenda mwenyewe masijala, nitawaambia kosa ni langu, wanifukuze mimi."

Kigoda kikalia alipokaa.

"Ni ule wa mama yako, Mwalimu. Arobaini na moja."

"Inuka, Fundi."

"Nitainuka nikiuona."

"Hutauona. Ninao mimi."

Nikatoa kichwa pipani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkoba mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Akaufungua. Karatasi sita, kila moja na namba yangu kwenye kona.

"Jana ulipokwenda kula," akasema. "Nilizichomoa."

Nilikaa sakafuni vilevile, vipande vya karatasi kwenye nywele. Sikujua nicheke au nilie. Kwanza nilifurahi, nisiseme uongo, kwamba mikono yangu haina kosa. Kisha furaha ikaisha.

"Ukaniacha nishone?"

"Nilitaka kukwambia asubuhi, nikakosa mdomo. Nimekuja kukuomba uweke karatasi tupu mahali pake. Ugonge namba. Ipite."

"Karatasi tupu?"

"Kaka hataki. Jumapili nilimsimulia nilichoandika. Aliweka kijiko chini. Kasema siri ya nyumba haipelekwi ofisini. Kasema watu sita wa kamati watakaa mezani na kumjua mama yetu kama mwendawazimu wa barabarani."

"Ameusoma?"

"Hapana. Hakutaka."

"Basi amekataa asichokijua."

"Ni kaka yangu mkubwa, Fundi. Baba alipofariki yeye ndiye alinilipia shule. Nimwambie nini?"

Nikainuka. Nikagonga kichwa kwenye dari, nikatukana kidogo, nikasogea mezani.

"Sikiliza. Wale wakubwa wataufungua ukurasa huo, wakute tupu. Kuna miaka mitatu hukuchapisha kitu. Watasema nini? Mvivu. Alilala. Mara ya kwanza walisema hivyo, mara ya pili wakasema hivyo, na wewe unawapa mara ya tatu kwa mkono wako mwenyewe. Wale hawana huruma, wale wana viti."

"Wewe kila kitu ni wakubwa!" Alisimama. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. "Ukikosa gundi, wakubwa. Balbu ikiungua, wakubwa. Mvua ikinyesha ni wakubwa. Nimechoka, Fundi! Nimetoka nyumbani naambiwa cha kufanya, nafika hapa naambiwa cha kufanya!"

"Mke wangu hakuuawa na mvua."

Lilinitoka hivyo hivyo. Juu yetu wanafunzi walikuwa wanashuka ngazi, vumbi likadondoka kidogo kwenye majalada, nikalipangusa kwa kiganja.

Alikaa tena. "Hujawahi kunisimulia," akasema.

"Hujawahi kuuliza."

"Niliogopa kuuliza."

Kweli sikuwahi kumsimulia mtu. Hata binti yangu, ambaye ana nyumba yake sasa, anajua kipande tu.

"Nilikuwa kiwanda cha uchapaji," nikaanza. "Mke wangu aliumwa ugonjwa wa kike, ule ambao mtu hautaji mbele za watu. Nikahitaji wiki mbili nimuuguze. Palikuwa na fomu. Jina, idara, sababu ya ruhusa. Msimamizi akaipeleka kwa meneja, ikarudi, imekataliwa. Nikaenda kazini. Siku ya nane nikaitwa kutoka kwenye mashine, nikaambiwa nenda nyumbani. Nikakuta majirani wamejaa uani."

"Pole, Fundi."

"Subiri. Meneja yule namlaumu mpaka leo, na nikifa nitamlaumu nikiwa huko. Mtu mwenye moyo angemwita mfanyakazi wake akamuuliza. Lakini ipo siku moja moja, nikiwa peke yangu, naiona ile fomu. Mahali pa sababu niliandika maneno mawili. Sababu za nyumbani. Basi. Niliona haya. Nilisema siri ya nyumba haipelekwi ofisini." Nikashindwa kumtazama. "Sasa hapo najiuliza, yule mshenzi angesoma nini, nami sikuandika?"

Sijui alisimama saa ngapi. Nilichohisi ni mkono wake juu ya mkono wangu, ule uliojaa gundi kavu na makovu ya sindano. Mikono ya wasomi ni laini, watu husema. Wake haukuwa laini. Mkono uliomgeuza mgonjwa kitandani miaka mitatu hauwi laini. Nikainua macho, nikakuta yake yananingoja, yamejaa maji ila hayajamwagika. Tulitazamana kwa muda ambao mtu mwenye haraka asingekuwa nao.

"Kila jalada litachukua muda gani kulifungua?" akauliza taratibu.

"Robo saa. Nikiwa na mtu wa kushika, pungufu."

Akatazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika ishirini.

"Kata," akasema.

Nikachukua kisu. Uzi uliokazwa ukikatwa hutoa mlio mdogo, tip, kama mtu aliyefungua kifungo. Nikafungua nakala ya kwanza, nikatia ukurasa, nikapanga matundu, nikaanza kushona upya. Yeye alishika kingo. Vichwa vyetu vilikaribiana mpaka nikasikia mafuta ya nywele zake, na sindano ikanipotea mara mbili.

"Fundi, unashona kidole changu."

"Samahani, Mwalimu. Mwanga hafifu."

"Mwanga hafifu," akarudia, na kicheko kile kikaanza machoni.

Tulikuwa kwenye nakala ya tatu mlango uliposukumwa bila hodi. Mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama visu, funguo za gari mkononi. Alifanana na Mwalimu kipaji cha uso. Akagonga kichwa kwenye dari.

"Inama, kaka," akasema Mwalimu, amechelewa.

"Nimekusubiri getini nusu saa. Ulisema unachukua tu majalada." Akanitazama kuanzia kandambili mpaka aproni. "Ndiye huyu?"

"Shikamoo kwanza," nikasema, ingawa umri tulilingana. Nilitaka kumchokoza.

Hakuitikia. "Kila siku nyumbani Fundi kasema hivi, Fundi kasema vile. Nikadhani ni fundi wa kompyuta. Kumbe msomi mzima, dada yangu, unafundishwa kuandika na mpakaji wa gundi!"

"Kaka!"

"Nisipokwambia mimi nani atakwambia? Watu wanaongea. Na hizo karatasi ni zipi? Si tulikubaliana?"

"Ulikubaliana wewe," Mwalimu akasema. Hakuachia kingo za karatasi. "Mimi nilinyamaza. Si kitu kimoja."

"Mama si wa kuonyeshwa watu!"

Nilikuwa na maneno. Ningeweza kumwambia mengi kuhusu watu wenye funguo za gari. Lakini saa ilikuwa saa tisa na dakika tano, na hasira haishoni.

"Mhandisi," nikasema, "mikono yako misafi?"

"Nini?"

"Dada yako ashike ile, wewe ushike hii. Hapa na hapa. Bana kabisa. Ukiachia, matundu yanahama, na kazi yake ya miaka kumi na moja inakwenda na matundu. Kisha mtagombana, mimi nitawawekea na viti."

Mtu aliyezoea kuamrisha, ukimwamrisha ghafla mwili wake hutii kabla akili haijafika. Akaweka funguo chini. Akashika. Na kilichokuwa juu, mbele ya macho yake, shubiri moja tu, kilikuwa ukurasa wa arobaini na moja.

Nikashona polepole. Nakiri, nilishona polepole makusudi.

Mimi ukurasa ule naujua kwa moyo. Unasema: *Kwa miaka mitatu sikuchapisha makala yoyote. Mama yangu alianza kusahau. Alisahau funguo, kisha njia ya kurudi nyumbani, kisha mimi. Asubuhi nilifundisha, mchana nilimlinda. Wakati wa kulala nilifunga kitambaa mkononi mwake na mkononi mwangu, ili akiamka kwenda kumtafuta baba, niamke naye. Siombi kuhurumiwa. Nataka kamati ijue kwamba miaka hiyo haikuwa mitupu.*

Niliona macho ya Mhandisi yakishuka mstari kwa mstari. Yakafika chini. Yakarudi juu.

"Kitambaa?" akauliza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Cha kanga yake ya zamani," Mwalimu akasema.

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu."

"Mbona hukuniambia? Nilikuwa napiga simu kila Jumamosi."

"Ulikuwa unauliza, 'Mama hajambo?' Kaka, hilo si swali. Ulikuwa unaniomba niseme hajambo. Nikasema hajambo."

Mhandisi akatazama pembeni, kwenye rafu ya nyuzi. Mikono alitaka kuipeleka usoni.

"Usiachie," nikamwambia.

Hakuachia. Chozi likamdondoka puani, akaligeuzia bega ili lisilowanishe karatasi. Hapo nikaanza kumpenda kidogo, shingo upande.

"Mama yuko kwangu miezi minane tu sasa," akasema baadaye, kama anaongea na meza. "Tuko watu wanne nyumbani. Na kuna siku najificha garini kwa dakika tano kabla sijaingia ndani." Akameza mate. "Shona, bwana. Mbona unachelewa hivyo?"

"Nashona."

"Na kuhusu wewe bado sijasema kitu."

"Wala mimi sijasema," nikajibu.

Mwalimu akainama kwenye karatasi zake, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Saa tisa na dakika arobaini na tano tulipanda ngazi za jengo la utawala, mimi nimebeba majalada matatu, Mhandisi matatu, gundi bado ina joto la mashine ya kubania. Karani wa masijala ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba, wanamwogopa mpaka wakuu wa vitivo. Mara mbili aliwahi kunirudishia kazi za watu kwa sababu ya namba iliyofifia. Nilimweka kwenye orodha yangu ya wakubwa tangu hapo.

Akavuta nakala ya kwanza, akalowesha kidole kwenye sifongo, akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa midomo, bila sauti. Alipofika arobaini na moja midomo ikasimama.

Akasoma. Mwalimu alinishika kamba ya aproni kwa nyuma, mahali ambapo kaka yake haoni. Nikakaza taya. Maneno niliyotaka kuitupia ofisi ile kwa miaka mingi nilikuwa nimeyapanga mdomoni, moja baada ya jingine, yakingoja tu aseme habari hiyo haihusiki na jalada.

Karani akafunua ukurasa. Arobaini na mbili. Akaendelea mpaka mwisho, kisha nakala nyingine, na nyingine. Akachukua muhuri wa kupokelea. Akagonga mara sita.

"Mmewahi kwa dakika nne," akasema. "Majibu miezi mitatu." Akavua miwani, akamtazama Mwalimu. "Mama hajambo?"

"Leo hajambo," Mwalimu akasema. "Jana alikuwa mgonjwa. Kesho sijui."

"Ndivyo," karani akasema. "Wangu alikuwa hivyo hivyo." Akavaa miwani, akaita, "Anayefuata!" ingawa nyuma yetu hapakuwa na mtu.

Yale maneno yangu yalinikaa mdomoni kama kokwa, sina pa kuyatema. Nikayameza. Sisemi wakubwa wote wamekuwa wema kwa siku moja, la hasha. Kamati ile ina watu sita na mioyo yao siijui. Wanaweza kumkataa na mji wa mbali ukamchukua, nami nikabaki chini ya ngazi nikihesabu viatu vya watu wengine. Lakini wakimkataa, watamkataa wakimjua.

Nje, kwenye ngazi, Mhandisi alizungusha funguo kidoleni. Alitaka kusema kitu, kikamkwama, akajaribu tena.

"Jumapili tunakula nyumbani saa saba," akaniambia, akitazama gari lake. "Uje. Sijasema kwamba nimekubali lolote. Nasema uje ule." Kisha akaongeza, "Na ujiandae. Mama atakuuliza wewe nani. Utamjibu, atakula tonge mbili, atakuuliza tena. Mara kumi kwa mlo mmoja, haipungui hapo."

"Nitamjibu mara kumi."

"Utamjibu nini?" Mwalimu akauliza. Aliuliza kama utani, ila hakuwa anacheka, na kamba ya aproni yangu alikuwa bado hajaiachia. Kaka yake sasa aliiona. Akaitazama, akakohoa.

Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na tisa, mgane, mwenye gundi kwenye kucha, nimesimama mchana kweupe mbele ya jengo la utawala, nimekosa pumzi kama kijana.

"Nitamwambia mimi ni fundi wa majalada," nikasema. "Mara ya kwanza mpaka ya tisa."

"Na ya kumi?"

Nikatafuta neno. Kwa miezi minne nilimwambia yeye afute maneno makubwa aandike yanayoeleweka, na sasa mimi sikuwa na hata moja.

Mwalimu akashuka ngazi moja, akageuka, akanitazama kutoka chini, jua usoni, lile tabasamu la upande likifika mwisho kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Ya kumi niachie," akasema. "Nitamjibu mimi."